Fundi Mawimbi na Mayai ya Mama Mkwe

Fundi friji huyu mtaa mzima unamwita Mawimbi, na ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake huenda asigeuke. Usidhani amekasirika, amelisahau tu. Ukimpelekea friji isiyogandisha, hana haraka ya kukuuliza imeanza lini. Anaegemeza ncha ya bisibisi kwenye kompresa, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, na baada ya dakika moja anakutajia ugonjwa. Mara tisa kati ya kumi hakosei. Ile ya kumi hakubali kwamba amekosea. Atakwambia friji imebadilisha mawazo.

Friji zisizopona hazitupi. Anaikata kompresa kwa msumeno, anatoa mota, na ndani ya mota mna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mizunguko isiyo na idadi. Mafundi wenzake shaba hiyo wanaiuza kwa kilo. Yeye jioni anakaa kwenye kigoda, anaukunjua taratibu kama mtu anayesuka, kisha anauficha uvunguni mwa kitanda. "Wenzangu waume zao wanaficha simu," mkewe huwaambia wauguzi wenzake wodini, "wangu anaficha waya. Sijui nani ana afadhali."

Waya wote huo ni wa antena. Mawimbi ana leseni ya redio, halali kabisa, imetundikwa ukutani kwenye fremu iliyo kubwa kuliko ya picha ya harusi. Ana jina lake la hewani, lile la herufi na namba ambalo hakuna mwingine duniani analo, na ana chumba kidogo nyuma ya karakana ambacho zamani kilikuwa stoo. Humo anabonyeza swichi yake ndogo, mlio mfupi, mlio mrefu, mlio mfupi, na watu wa mbali asiowajua sura wanamjibu. Wengine hucheza bao, wengine hufuga njiwa. Kila mtu na ulevi wake.

Sasa, kama angetosheka na masafa ya juu, angeishi kwa amani. Huko waya mrefu kiasi cha kamba ya kuanikia nguo unakufikisha nusu ya dunia. Lakini Mawimbi moyo wake uko kwenye masafa ya chini, na masafa ya chini yana kiburi: kadiri unavyoshuka, ndivyo waya unavyotakiwa kuwa mrefu. Hayo anayoyataka yeye yanadai mita arobaini kwenda juu angani. Kiwanja chake, pamoja na karakana na bustani ya mkewe, ni hatua ishirini kwa kumi na mbili. Haya, fanya hesabu mwenyewe.

Alichofanya ni kuunganisha mabomba mpaka yakafika mita kumi na nne, akayasimamisha nyuma ya karakana, akapandisha waya, na ulipofika kileleni akaukunja ukapita juu ya uzio hadi kwenye paa la ghorofa la jirani, mama fundi cherehani. Mama cherehani alikubali kwa sharti kwamba friji yake isife kamwe. Na kwa kuwa antena ya aina hiyo bila nyaya za ardhini ni kazi bure, akafukia nyaya thelathini na mbili ndani ya bustani ya mkewe, zote zikianzia penye mlingoti na kutawanyika kila upande. Mkewe akipiga jembe, linatoka na waya. "Baba Watoto," alimwambia siku moja, jembe begani, "nimepanda mboga, navuna shaba. Tupike hii?"

Aliyemfundisha yote hayo ni Bwana Hewa. Ndivyo Mawimbi anavyomwita, kwa sababu mzee huyo kazi yake ilikuwa kupima hali ya hewa: joto, upepo, mvua imenyesha kiasi gani usiku. Anaishi upande wa pili wa dunia, mbali kiasi kwamba jua likizama huku, kule ndiyo linajiandaa kuchomoza, tena la siku inayofuata. Wamezungumza kwenye masafa ya juu kwa miaka kumi na tisa. Mzee alipofiwa na mkewe, Mawimbi alijua kabla ya baadhi ya ndugu zake. Mtoto wa kwanza wa Mawimbi alipozaliwa, wa kwanza kuambiwa nje ya familia alikuwa Bwana Hewa. Hawajawahi kuonana, na picha hawajatumiana, maana hakuna aliyeona umuhimu wake.

Kitu kimoja tu hawakuwahi kukipata: kusikilizana kwenye masafa ya chini. Mzee alichora michoro, akatuma. Mawimbi akajenga, akabomoa, akajenga tena. Huyu akisikia, yule hasikii. Kukiwa na utulivu kule, huku kuna radi. Wakawa wanasema mwakani, mwakani, nawe unajua mwakani ilivyo, haina mwisho.

Ndipo ikaja barua pepe, fupi kama zote za mzee. Magoti yamekataa ngazi. Mwanangu amenitafutia chumba kwake, ghorofa ya tisa, na antena huko haziruhusiwi. Wanakuja kuangusha mlingoti wangu Jumamosi ya wiki ijayo, saa mbili asubuhi. Tujaribu masafa ya chini kila siku mpaka hapo. Wakati wetu unaujua.

Wakati wao ni ile nusu saa ambapo jua limezama huku na halijachomoza kule. Kabla ya hapo hakuna kitu, baada ya hapo hakuna kitu. Mawimbi alipiga hesabu: jioni nane. Ya mwisho ni ya Ijumaa, ambayo kwa mzee itakuwa tayari alfajiri ya Jumamosi, wabomoaji wako njiani.

"Si umpigie simu tu?" mkewe akauliza.

"Mtu anapenda kuvua, wewe unamwambia samaki wako sokoni?"

"Nakuuliza tu, Baba Watoto."

Alijibu kwa mzaha, lakini kitu kilikuwa kinamuuma. Mzee amemfundisha miaka yote hiyo, na yeye angemwacha aondoke hewani bila kumwonyesha kwamba mafunzo yamezaa. Aliona aibu, na aliona huzuni, na vyote viwili alivipeleka kwenye kukaza nati za mlingoti.

Jioni ya kwanza akakaa, akavaa vifaa vya masikioni, akasikia: grrrrrr. Mkoromo, sekunde nane hivi. Kimya kidogo. Grrrrrr tena. Haukuwa radi, haukuwa upepo. Ulikuwa umeanza kama siku kumi nyuma, na yeye alidhani utaondoka wenyewe, kama mafua. Chini ya mkoromo huo hata mbingu zingebomoka asingesikia. Jioni ya pili hivyo hivyo, na ya tatu.

Basi akaanza msako. Alichukua kifremu cha mbao, akakizungushia waya, akakiunganisha na redio ndogo ya mkononi. Kifaa hicho ukikigeuza geuza, mkoromo unapanda na kushuka, na unajua chanzo kiko kwenye mstari gani. Umbali ndio hakikwambii. Mstari ulianzia stoo, ukapita ukuta, ukaenda moja kwa moja kuelekea kwa kinyozi. Mawimbi akaenda kwa kinyozi.

"Zima mashine zako kidogo, ndugu yangu."

"Nina mteja kwenye kiti!"

"Dakika tano tu."

Kinyozi akazima. Mkoromo ukaendelea. Mteja alichoka kusubiri, akatoka na ndevu za upande mmoja, na mpaka leo hajarudi. Mchomelea vyuma akazimishwa. Muuza simu akachomoa chaja zake zote kumi na saba, huku akiuliza kama kuna vita. Mama cherehani akasimamisha cherehani zake tatu kwa siku tatu mfululizo, kila jioni nusu saa, na nguo za harusi ya watu zikiwa mezani. Mkoromo wala haukushtuka.

Alhamisi mama cherehani akachoka. Alitoa pini mdomoni, akaziweka kwenye sahani, akasema: "Fundi, hebu subiri. Mtaa mzima umetuzima. Kwako umezima?"

"Mimi wa kwanza! Nimezima kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Isipokuwa mashine ya Mama, na ile nimeitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe."

Mama cherehani alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika meza. "Nyani haoni kundule," akasema. "Nenda nyumbani, baba. Nenda."

Hapa lazima nikueleze mashine ya Mama. Huyu ni mama mkwe wake, mama wa mkewe, ambaye miaka miwili iliyopita alianguka kwake akavunjika mkono, na binti yake akamleta wakae pamoja. Alikuja na sanduku moja. Kuku wake arobaini aliwagawia majirani. Hapa nyumbani kila akishika ufagio, "Mama, pumzika." Akichukua sufuria, "Mama, acha, pumzika." Akawa anakaa kwenye kiti uani, mikono mapajani, asubuhi mpaka jioni. Mawimbi alimwona, na kwa kuwa mkwe ni mkwe na huwezi kumuuliza mama mkwe una nini, alichukua friji moja iliyokufa, akafunga ndani balbu nne, feni, na kidubwana cha kupima joto alichokiokota kwenye kapu la vifaa vya bei chee. Ikawa mashine ya kutotolea mayai. Kuta za friji hazipitishi joto kirahisi, mlango una kioo, Mama anachungulia. Tangu siku hiyo Mama ana kazi. Anageuza mayai mara tatu kwa siku, na vifaranga vyake vinagombewa. Safari hii kidubwana cha kwanza kilikuwa kimeharibika, Mawimbi akafunga kingine kutoka kapu lile lile, Mama akaweka mayai sitini, na Ijumaa ingekuwa siku ya kumi na tisa. Siku ya ishirini na moja vinatoka.

Mashine iko chumbani kwa Mama. Chumba cha Mama na stoo ya redio vimetenganishwa na ukuta mmoja. Na kinyozi yuko nyuma ya chumba cha Mama, kwenye mstari ule ule. Unaona sasa? Watu walinyolewa nusu kwa sababu ya kidubwana cha Mawimbi mwenyewe, ambacho kila kikiwasha balbu kinakoroma hewani.

Ijumaa alasiri, mkewe akiwa zamu, Mawimbi alisimama nje ya mlango wa mama mkwe wake na kile kifremu. Akakielekeza mlangoni: kikanguruma. Akakigeuza: kikanyamaza. Akakielekeza tena. Mlango ukafunguka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Unanipigia ramli?"

Alitazama chini, akazungumza na vidole vyake vya miguu. Alieleza mkoromo, akaeleza Bwana Hewa, akaeleza mlingoti utakaoanguka asubuhi. Hakuomba kitu. Angeombaje? Mayai ya siku kumi na tisa, vifaranga vimeshaanza kujigeuza ndani, amwambie mama mkwe wake avizimie joto kwa ajili ya milio ya mzee asiyemjua? Alimaliza kueleza akasema, "Nilikuwa napima tu, Mama. Samahani kwa usumbufu."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Huyo rafiki yako anahama kwake?"

"Ndiyo, Mama. Anakwenda kukaa ghorofani kwa mwanawe."

"Anataka kwenda?"

"Magoti, Mama. Hana namna."

"Unamhitaji kwa muda gani?"

"Kama dakika ishirini. Lakini mayai, Mama..."

"Baba, wewe unajua friji, mimi najua kuku. Kuku anayelalia haachi mayai akaenda kula? Anakaa nje, anaoga vumbi, anajinyoosha, ndipo anarudi. Mayai hayafi kwa hilo. Mlango usifunguliwe tu. Jua likizama nigongee ukuta."

Weee! Mawimbi alitamani kumkumbatia, ila mama mkwe hakumbatiwi, kwa hiyo alimshukuru mara nne akaondoka akijikwaa.

Jua likazama. Akagonga ukuta. Upande wa pili swichi ikalia, tak, na masikioni mwake mkoromo ukakatika. Kimya kilichobaki kilikuwa na mchakarisho mdogo wa mbali, ule ambao alikuwa hajausikia kwa zaidi ya wiki mbili. Na ndani ya mchakarisho, chini kabisa, dhaifu kama mdudu ndani ya kiberiti, ilikuwapo milio. Mfupi, mrefu. Mrefu, mfupi.

Alishika penseli. Watu hawa wana sheria yao, na hakuna askari wa kuisimamia: herufi ambayo hukuisikia huiandiki. Ili mazungumzo yahesabiwe, kila mmoja apokee jina la hewani la mwenzake, apokee namba inayosema anasikika vipi, kisha apokee mwishoni ile herufi moja yenye maana ya "nimepokea". Ukiijazia kichwani, hakuna atakayejua. Ila wewe utajua, na basi. Mawimbi aliandika jina la mzee. Katikati likakosekana herufi moja, imemezwa. Jina hilo amelipokea kwa miaka kumi na tisa! Mkono ukataka kuandika wenyewe. Akaweka nukta, akaomba lirudiwe. Dakika tatu zikaenda. Likarudi, likakosekana herufi nyingine. Akaomba tena. Mara ya tatu likaja zima.

Akatuma yake. Ikaja namba ya mzee, mara mbili, safi. Akatuma namba yake. Kikafuata kimya. Akatuma tena. Kimya. Akatazama saa: dakika ishirini zimekwisha, na moja juu. Ahadi ni ahadi. Alivua vifaa sikio moja, akapaza sauti ukutani: "Mama, muda umekwisha! Washa tu!"

"Amemaliza?"

"Bado, Mama, lakini muda..."

"Kuku wangu bado anakula. Wewe endelea na kazi yako."

Na nikuondolee wasiwasi hapa hapa: Jumapili vilitoka vifaranga hamsini na tatu, na safari iliyotangulia, isiyozimwa hata sekunde moja, vilitoka arobaini na tisa. Lakini hayo Mawimbi hakuyajua. Aliyajua mayai sitini gizani na kimya masikioni. Akatuma mara ya tatu, polepole, kila herufi akiipa nafasi yake. Akangoja. Na ikaja: mfupi, mrefu, mfupi. Nimepokea. Ikaja tena, kama vile mzee naye haamini: nimepokea, nimepokea.

Mawimbi alilia. Mtu mzima, fundi, baba wa watoto, alilia machozi ya haja yakalowesha daftari. Mlango wa stoo ukagongwa, na akaingia Mama, ambaye katika miaka miwili hakuwahi kukanyaga chumba kile. Alikuwa na shuka begani. Jingine alikuwa ameifunikia ile friji.

"Umempata?"

"Nimempata, Mama."

"Sasa mbona unalia?"

"Kesho hayupo tena. Atakuwa amekaa tu huko kwa mwanawe."

Mama aliitazama mitambo, nyaya, ile swichi ndogo ya kubonyeza. "Bado anakusikia?"

"Kwa dakika chache."

"Basi mwambie hivi. Huko anakokwenda watamwambia apumzike. Watamwambia kwa upendo, kila siku, mpaka azeeke kwa siku moja. Asikubali. Siku ile ile ya kwanza aombe kazi. Mwambie anayesema ni mtu aliyehama kwake."

Mawimbi alimwangalia mama mkwe wake usoni, pengine kwa mara ya kwanza. Kisha akageuka, akaifupisha kwa lugha ya watu wa redio, akaanza kubonyeza. Ilichukua muda. Mchakarisho ulikuwa umeanza kupanda. Jua la kule lilikuwa linakaribia. Jibu likaja herufi moja moja, naye akalisoma kwa sauti jinsi lilivyokuwa linakuja.

"Anauliza, kazi gani."

"Anajua nini?"

"Kupima mvua, Mama. Ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote."

"Na amesema ghorofa ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Basi mvua itafika kwake kabla ya kufika kwa watu wote wa chini. Aweke chombo dirishani, aipime, awaambie."

Mawimbi akatuma. Wakangoja wote wawili, yeye kwenye kiti, Mama amesimama na mkono juu ya meza, na kwa muda mrefu hakukuwa na kitu. Ndipo mzee akajibu kwa neno moja, dhaifu kabisa, likiishia kwenye mchakarisho, na Mawimbi akaliandika lote bila nukta hata moja.

"Amesemaje?"

"Atapima."

"Haya," akasema Mama, akavuta shuka lake vizuri begani, akaenda kuwasha mashine.